Zamu ya Mwanamkasi Haijaisha

Jumamosi ya mashindano ya danadana, Leticia alivuka mto Pangani kwa pantoni ya saa moja asubuhi, akiwa na kamera mbili, stendi moja na chapati nne kwenye mfuko wa rambo. Kazi yake hasa ni video za harusi, na mji mzima unamjua kwa maua mekundu anayoyadondosha juu ya bibi harusi wakati wa kuhariri. Danadana ilikuwa mara yake ya kwanza. Alitakiwa kutengeneza video ya dakika tano itakayopelekwa Dar es Salaam, na huko ndiko wangemchagua kijana mmoja wa kwenda kambi ya taifa. Kamati ilimpa maagizo mawili: mgeni rasmi aonekane, halafu aonekane tena.

Mgeni rasmi alitarajiwa saa tatu. Alifika saa nane, akahutubia mpaka saa tisa na nusu kuhusu vijana wasiojali muda. Ndipo washindani wakaanza kuingia uwanja wa shule mmoja mmoja, huku mshereheshaji akihesabu kwa kipaza sauti kila mguso: goti, bega, kichwa, kisigino. Sheria ilikuwa moja tu. Bwana Asheri, mwenyekiti wa kamati, aliiandika mwenyewe na kuigonga muhuri: zamu ya mshindani itakwisha pale mpira utakapogusa ardhi.

Sele, mpwa wa mgeni rasmi, alipiga sitini na tatu. Ni kijana mzuri. Kasoro yake ni mjomba tu.

Wa mwisho alikuwa Mwanamkasi, miaka kumi na saba, binti wa Bi Shadya muuza maandazi, ushungi wake umebanwa kwa pini tatu. Alipofika mia moja, akina mama walikuwa wameshasimama. Alipofika mia mbili, hata mgeni rasmi aliweka simu chini. Mguso wa mia mbili na kumi na mbili aliupiga kwa kisigino. Mpira ukapanda, ukapita paa la darasa, ukafika usawa wa kilele cha mnazi, ukasimama hapohapo hewani. Leticia aliuvuta karibu kwenye kioo cha kamera, akaona kiraka chake cha njano, akarekebisha mwanga, akaendelea kupiga.

Mshereheshaji alisubiri. Watu walisubiri. Muuza karanga alifanya biashara nzuri.

Baada ya dakika ishirini kamati ilikaa chini ya turubai, ikaamua haraka. Mpira haujagusa ardhi, kwa hiyo zamu ya Mwanamkasi haijaisha. Ambaye zamu yake haijaisha hana matokeo, na asiye na matokeo hawezi kushinda. Kati ya waliomaliza, wa kwanza ni Sele. Mgeni rasmi alimvisha mpwa wake medali na kusema amefurahi sana kumfahamu.

"Mie nisimame hapa mpaka lini?" Mwanamkasi aliuliza, macho juu.

"Mpaka mpira ushuke, mwanangu," alisema Bwana Asheri kwa upole. "Ukiondoka utakuwa umejitoa mwenyewe."

Akabaki. Jioni Bi Shadya alimletea wali wa nazi na kumlisha kwa mkono, kwa kuwa binti hakutaka kuuondolea mpira macho. Usingizi aliupata jicho moja moja, la kulia kwanza.

Jumatatu Leticia aliketi kuhariri. Alizitazama zile danadana mia mbili na kumi na mbili mara tatu, na mara ya tatu akalia, si kwa huzuni, ila kwa sababu katika miaka tisa ya kupiga picha maharusi hakuwahi kuona mtu anayefurahi kiasi kile mbele ya kamera yake. Akampa Mwanamkasi dakika nne. Wengine wote, mgeni rasmi akiwemo, wakagawana moja. Ilikuwa kazi bora kuliko zote alizowahi kufanya, na alijua.

Bwana Asheri aliitazama mpaka mwisho.

"Kazi nzuri sana," alisema. "Sasa huyu mtoe."

"Nani?"

"Huyu ambaye bado anacheza. Tutapelekaje Dar mchezo ambao haujaisha? Watatuona hatujui kazi."

"Na huu mpira ulio juu ya kichwa cha mheshimiwa?"

"Funika na maua."

Leticia alikuwa na jibu tayari mdomoni. Lakini mwezi ule alikuwa na harusi tatu, na Bwana Asheri ni mwenyekiti wa kamati zote tatu. Akalimeza. Akamtoa Mwanamkasi kipande kwa kipande, akadondosha maua.

"Ile sauti ya kuhesabu iache," Bwana Asheri aliongeza akiwa mlangoni. "Inachangamsha."

Basi ile hesabu ikalala juu ya picha za Sele, naye akafika mia mbili na kumi na mbili bila kutoka jasho. Dar walimchagua siku ileile.

Kabla ya kusafiri, Sele alikwenda uwanjani na chupa ya maji.

"Zile hesabu ni zako," alisema.

"Najua."

"Nifanyeje?"

"Nenda," alisema Mwanamkasi. "Ila ufanye mazoezi, maana huko watakuhesabu upya."

Siku ya pili yake alikwenda Leticia, akiwa ameuhifadhi mchezo wote kwenye simu.

"Nimekuletea, mdogo wangu. Mguso wa kwanza mpaka wa mwisho. Tazama."

"Siwezi kutazama chini, dada. Nieleze tu."

Leticia alimweleza goti, bega na kichwa, na jinsi wanawake walivyosimama. Alieleza vizuri, kwa muda mrefu, mpaka maelezo yakamwishia.

"Na kwenye ile ya Dar?"

"Nilikutoa," alisema Leticia. Aliona aibu, na aibu ile haikumwondokea.

Mwanamkasi akamnyooshea mwavuli bila kutazama chini. "Basi nishikie huu mwavuli," alisema. "Jua linanichoma."

Mwaka uliofuata mashindano yalifanyika palepale. Wanafunzi walikuwa wameshazoea kumzunguka Mwanamkasi wakienda darasani, na wavuvi walikuwa wakiutumia mpira ule kujua wamekaribia nyumbani. Aliomba kujiandikisha. Kamati ilimjibu kwa barua kwamba mshindani hawezi kuwa na zamu mbili kwa wakati mmoja, ikamtakia kila la heri katika ile ya kwanza.

Leticia alifungua stendi, akapanga kamera yake ya kwanza. Kwenye kioo alionekana mgeni rasmi kwenye kiti chake, na nyuma yake Mwanamkasi, amesimama wima, uso juu.

Bwana Asheri aliinama, akachungulia kwenye kioo.

"Dada Leti, hebu isogeze kushoto kidogo."

Leticia akaisogeza.