Asiambiwe, Ana Presha

Mimi Kasiva nina mdomo. Kangundo nzima inajua, kuanzia kanisani hadi sokoni, na sijawahi kumwomba mtu radhi kwa hilo. Basi mwaka jana nilipopimwa pale zahanati nikaambiwa nina presha, watu wa nyumba yangu walikaa chini wakakubaliana jambo moja bila kuniuliza: mama asikasirishwe tena.

Kwetu mtu akisema fulani ana presha, swali la kwanza ni nani amemuudhi. Tulidhani presha ni mawazo na hasira, basi. Hata mimi nilidhani hivyo.

Na nisiwe mnafiki, mwanzoni nilifurahia. Maundu, mume wangu, mtu tuliyegombana naye tangu harusi na tukapendana hivyo hivyo, ghafla akawa mtu wa "sawa, mama." Nikisema mvua inakuja, anaanua nguo jua likiwaka. Nikisema kwaya imeharibu wimbo, anatikisa kichwa kwa huzuni, na siku hiyo hata kanisani hakuwa ameenda. Ng'ombe wetu alipokufa waliniambia amepelekwa kwa shemeji yangu kusalimia jamaa. Ng'ombe, kusalimia! Nilinyamaza tu kwa sababu jioni hiyo nilikuwa nimepikiwa matumbo.

Na hayo matumbo yalipikwa kweli kweli, yakaelea kwenye mafuta, ili mama afurahi. Muthokoi nao, yale mahindi yetu ya kukoboa na maharagwe, uliletwa na kikopo cha chumvi pembeni nijinyunyizie nipendavyo. Nilijinyunyizia nipendavyo.

Wiki iliyopita, Jumatano, nikiwa sokoni nachagua nyanya, jirani yangu Peris akanirukia shingoni.

"Hongera, Kasiva! Jumamosi nitavaa lile dera langu jipya!"

"Jumamosi kuna nini?"

Peris akaziba mdomo kwa mkono. Nilimshika huo mkono nikaushusha, na kabla sijamaliza kuchagua nyanya alikuwa amesema yote. Jumamosi ilikuwa ntheo ya Mwendwa, binti yangu wa pekee. Ukoo wa kijana mmoja Macharia ulikuwa unatoka Kithimani kutuletea mbuzi, kuonyesha kwamba msichana amechumbiwa. Wageni wote walikuwa wamealikwa. Mimi, mama mzazi, nilikuwa nimepangiwa kwenda Mlolongo kwa dada yangu nikapumzike.

Aiya! Nyanya niliziacha pale pale.

Nilimkuta Maundu uani akimkuna kuku shingo kama mtu asiye na dhambi. Mwendwa alikuwa anaosha vikombe vya wageni, vile ambavyo havitolewi kabatini bila sababu.

"Nani anaolewa nyumba hii?" niliuliza.

Mwendwa akaanza kulia papo hapo. "Mwaitu, mama yangu, tuliogopa. Macharia ni Mkikuyu, si Mkamba mwenzetu. Tukasema utakasirika, na moyo wako..."

"Nani alikwambia nachukia Wakikuyu? Mimi nachukia wavivu! Ni mvivu?"

"Hapana, Mwaitu."

"Basi!"

Maundu akamwachilia kuku. "Kasiva, zile kelele, wale wageni, kule kubishana kwa wazee. Nikiwaza uanguke mbele yangu siku kama hiyo, silali."

Hasira zilinipungua kidogo, maana nilimwona kweli halali. Lakini ntheo ya mtoto wangu nije kuisikia kwa simu? Niliwaambia kesho yake tunakwenda sote kwa daktari. Akisema moyo wangu hauwezi kukaa na wageni, nitakwenda Mlolongo kwa miguu yangu na sitamlaumu mtu. Akisema unaweza, nitakaa mbele kabisa, na atakayenihamisha alete winchi.

Daktari wa zahanati yetu anaitwa Mbithi, kijana mpole mwenye sauti ya chini. Alinifunga kile kitambaa mkononi, mashine ikanibana, ikapumua, ikatulia. Akapima tena. Kisha akakunja uso.

"Mama, iko juu. Iko juu kuliko mwaka jana."

Mwendwa akashika ukuta. "Lakini hatujamkasirisha! Mwaka mzima hatujamkasirisha!"

"Tembe ulizopewa unameza?" daktari akaniuliza.

"Nameza vizuri sana," nikasema. "Siku ya hasira nameza. Siku ya furaha naziweka, nisizimalize bure."

"Na mwaka huu umekuwa na hasira mara ngapi?"

Nikafikiri. Nilifikiri kwa uaminifu kabisa.

"Jana," nikasema.

Maundu akaachia kicheko kimoja kilichotikisa benchi, daktari naye akajificha nyuma ya kile kitambaa, mabega yakimruka. Hata Mwendwa alicheka na machozi yake. Wamenifurahisha mwaka mzima, nami mwaka mzima nimekaa bila dawa!

Mbithi alipopata pumzi aliongea nasi taratibu. "Presha ni nguvu ya damu inayosukuma mishipa, mama. Ukikasirika inapanda kwa muda, kisha inashuka. Hii yako imekaa juu ukicheka, ukilala, ukiimba kwaya. Haiumi, na huo ndio ubaya wake. Inauchosha moyo kimya kimya, inaharibu figo, na siku moja unapigwa na kiharusi watu waseme ulikuwa mzima asubuhi. Tembe ni kila siku, ujisikie vizuri, ujisikie vibaya. Na usiache mwenyewe bila kuniuliza."

Kisha akawauliza nakula nini, wakamweleza. Akawatazama mmoja baada ya mwingine.

"Kwa hiyo mlimfichia habari, mkamwachia chumvi."

Aliniuliza kama kifua kinauma, kama pumzi inakatika, kama macho yanaona ukungu, kama kichwa kinagonga. Hakuna hata kimoja. Nikamshika mkono wa koti. Siwezi kudanganya, niliogopa. Nilikuwa tayari naiona ile barabara ya Mlolongo.

"Na ntheo, daktari?"

"Nenda, mama. Meza leo, meza kesho, meza Jumamosi, na Jumatatu urudi nikupime. Kubishana ruhusa. Kucheza ruhusa, na kutembea kila siku nakuamuru. Chumvi ya mezani, hapana."

Nilipiga vigelegele pale pale, mtoto wa mtu akaamka akaanza kulia.

"Na wewe, mzee, kaa hapa," Mbithi akasema.

"Mimi?" Maundu akashangaa. "Mimi sina hasira na mtu."

Alikaa. Mashine ikambana, ikapumua. Yake pia ilikuwa juu.

Vigelegele vyangu viliishia hapo. Daktari alisema atampima tena Jumatatu kabla ya kuamua dawa, na kwamba chumvi na mafuta ni vya kupunguzwa nyumba nzima. Sikusikia vizuri. Tukirudi nyumbani nilitembea nyuma ya Maundu nikiutazama mgongo wake, na kila aliyetupita nilitaka kumwambia apunguze sauti. Nilimpenda mpaka nikaona uchungu. Ndipo nikaelewa mwaka wao ulikuwaje.

Jumamosi tulikunywa uji bila haraka, nikameza tembe yangu Maundu akinisimamia kama askari. Mwendwa alipika muthokoi kwa dhania, vitunguu na limau, na nakuambia hakuna mgeni aliyeuliza chumvi iko wapi. Wakithimani walifika wakiimba. Macharia mwenyewe alinisalimia kwa mikono miwili, akabeba viti vya watu wote. Si mvivu. Nilikaa mbele kabisa.

Kabla hata maneno ya wazee kuanza, Peris akaja mbio, dera jipya limeng'ang'aniwa na matawi. Akaniinamia sikioni.

"Kasiva, yule mbuzi dume amekata kamba, ameingia kwenye shamba lenu la kahawa. Vijana wamemkosa. Na bila yeye ntheo hakuna." Akamtazama Maundu kwa jicho la pembeni. "Mzee asiambiwe. Si nasikia ana presha?"

Nikamtazama mume wangu. Alikuwa na koti lake la Krismasi, anacheka na baba yake Macharia, ametulia kabisa. Neno la kukubali lilinijia tamu mdomoni. Ningeweza kumwacha hapo na furaha yake, tumtafutie uongo mzuri, tuseme mbuzi amekwenda kusalimia.

Nikasimama.

"Maundu! Mbuzi wa ntheo ametoroka!"

Mwendwa akashika kichwa kwa mikono yote miwili. Maundu alinitazama, akawatazama wageni, akatazama ile kahawa inayotikisika kule chini. Kisha akaanza kuvua koti.

"Sasa wewe mwanamke," akanifokea, mbele ya wakwe, kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia mwaka mzima, "umesimama hapo unangoja nini?"

Nikavua viatu.