Ukungu wa Wanga

Kofi la kaka lilitua shavuni mwa dada mtu mbele ya wafanyakazi wote wa karakana ya maboksi, wakacheka, naye hakulia. Alirudi kwenye valvu yake, shavu likimwaka, huku kaka yake, fundi mkuu, akifoka kwamba pua ya bomba la kunyunyizia gundi imeziba kwa uzembe wake. Uongo mtupu. Kaka ndiye aliyeacha mvuke unaopasha gundi ushuke, na gundi ile ni uji wa wanga. Ukipoa haunyunyiziki, hutoka nyuzi na mabonge kama kamasi za mtoto mwenye mafua.

Kaka alipanda ngazi na waya wake wa kuzibulia, bila miwani, kiburi tu. Kwa kelele za mashine pale, watu hawakuitana. Anayezibua pua hugonga bomba kwa spana mara mbili, na aliye kwenye valvu hufunga.

Akagonga mara mbili.

Dada alisikia. Mkono wake ulikuwa juu ya valvu, akauacha palepale. Alitaka mabonge yamrukie usoni, watu wamcheke na yeye. Basi, hilo tu. Hakujua kwamba kabla ya kupanda, kaka alikuwa amefungulia mvuke wote.

Pua ilizibuka kwa mlio wa turubai linalochanwa. Wanga uliochemka ni mwepesi. Ulipotoka kwenye tundu lile ulipasukapasuka ukawa ukungu mweupe, matone madogo kuliko chembe za chumvi, yote ya moto, yote usoni mwa kaka. Maji ya moto hutiririka yakaisha. Wanga hung'ang'ania. Kaka alianguka akijikwangua, na ngozi ikafuata vidole. Dada alifunga valvu, akamburuta hadi kwenye maji, akambana mikono asijikwangue tena. Alipigwa teke la mbavu, hakumwachia.

Siku ya tatu hospitalini, daktari alikuwa ameshasema: jicho la kulia limekwenda, la kushoto bado hawajui. Kaka alipapasa shuka mpaka akaupata mkono wa dada yake.

"Nimewaambia ofisini kosa ni langu," alisema. "Kelele zile, usingesikia. Na lile kofi, mdogo wangu, nisamehe."

Dada angeweza kunyamaza. Aliogopa.

"Nilisikia, kaka," alisema. "Mara zote mbili."

Mkono wa kaka ulitulia juu ya wake. Kisha ukaanza kubana, ukabana mpaka vidole vya dada vikalia, naye hakuuvuta mkono wake.