Pembe ya Jikoni

Haya nilisimuliwa na fundi mwenyewe, yule tunayemwita Bi Nyundo, juzi alipokuja kunirekebishia mlango. Mimi nachambua maharage, yeye anapiga randa, na maneno yanatoka yenyewe.

Upepo ulikuwa umeezua nyumba ya mama yake mara mbili. Paa lilikuwa la pande mbili, na zile kuta za mwisho zilizochongoka juu, upepo ulizikamata kama mtu anavyokamatwa shati. Mama akahamia kwa jirani, akaapa: "Silali mle mpaka lipatikane paa lisiloogopa upepo." Bi Nyundo akasema basi, litakuwa la pande nne, literemke kote kote, upepo upande, ushuke, uende zake.

Kenchi, zile fremu za mbao za kubeba paa, alizifunga uani. Za katikati zilikuwa na kilele. Za mwishoni zilikatwa vichwa, kila moja fupi kuliko mwenzake. Zikapanda vizuri. Zikabaki mbao nne ndefu, za kutoka pembe za nyumba kupanda mpaka mgongo wa paa. Alizikata zote kwa kipimo kimoja, maana kuta alijenga mjomba wake, na nani apime kazi ya mjomba?

Tatu zilifika. Ya pembe ya jikoni ikapungua kiganja kizima.

"Unga kipande," mjomba akasema kutoka chini. "Bati litasitiri."

"Litasitiri kwa watu, mjomba. Upepo utapaona tu." Akashuka na kamba. "Shika hapa, tupime pembe kwa pembe."

"Kuta zangu uzipime wewe? Nimekubeba mgongoni!"

"Na asante kwa kunibeba. Sasa shika kamba."

Mjomba akashika, kanuna. Kamba ya kutoka pembe ya jikoni mpaka pembe ya mkabala ikaizidi ile ya pembe mbili nyingine shibiri nzima. Pembe ilikuwa imechomoza nje. Mjomba akakohoa. "Siku ile jua lilikuwa kali," akasema.

Mama, aliyekuwa amekuja kutazama, akacheka mpaka akashika mlango. "Kumbe ndiyo maana kabati langu miaka yote linagoma kukaa pale!"

Ubao mrefu wa akiba ulikuwa mmoja tu. Ukikosewa, hakuna mwingine. Bi Nyundo akapima mara tatu, akamwita mjomba apime ya nne, ndipo akakata. Na vile vibao vifupi vya kuegemea ubao ule, alivyokwisha kuvikata, akaviweka kando, akakata vingine upya, kila kimoja na urefu wake. Jua likamchoma shingo. Hakushuka mpaka ubao ukakaa.

Kazi ya kupiga bati iliisha siku ya tatu, alasiri, na upepo ukaja, ule ule. Mama akachukua mto wake kwa jirani, akaingia chumbani kwake, akajilaza. Bi Nyundo akaketi sakafuni jikoni, misumari bado mfukoni, akisikiliza ile pembe. Upepo ukapanda, ukashuka. Pembe haikulia. Barazani mjomba alishaanza kukoroma, na chumbani mama akamwitikia. Bi Nyundo akasikiliza kidogo tena, kwa hakika tu, kisha akaegemeza kichwa kwenye ukuta uliopinda wa mjomba, akapitiwa na usingizi.