Tangi Lililotakata

Fundi wa mtambo wa kusafisha maji machafu ya dampo aliomba ruhusa ya siku mbili tu, akamuuguze mwanawe. Siku mbili! Asubuhi ya tatu alikuta tangi la kupulizia maji hayo hewa limetakata, na harufu ya dawa ya choo ikamkaba koo kabla hajaweka mkoba chini.

"Umeona linavyong'aa?" alisema shemeji yake, kaka wa mumewe, ambaye ndiye meneja wa dampo. "Lilijaa tope na povu, aibu tupu. Wakaguzi wanakuja saa nne. Jana jioni nimemwaga madumu sita ya dawa."

Fundi alishika kichwa. Tope lile ndilo lililokuwa likifanya kazi: vijidudu hai aliowalea miezi mitano kwa hewa na subira, wakila sumu ya mchuzi mweusi unaovuja chini ya taka. Shemeji kawamaliza kwa jioni moja, na bado anangoja kupongezwa. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na shemeji huyu alikuwa na upara.

"Shem, umeniulia wafanyakazi wote."

"Acha maneno. Si mkaa upo?"

Mkaa ulikuwepo, ule maalumu wa kuchujia, umejaa mapipa marefu mwishoni mwa mtambo. Fundi akaupitishia mchuzi huku akinung'unika, yakatoka maji meupe pe. Shemeji akachekelea. Fundi akachovya karatasi ya kupimia sumu, ikageuka kijani cha kutisha. Mkaa ulikuwa umenasa rangi na harufu, amonia, ile sumu yenyewe, ukaiacha ipite.

"Nani ataona? Fungua koki ya mtoni."

"Mama yako anachota kule chini kila siku."

"Siku moja haiui mtu."

"Siku moja? Vijidudu watachukua wiki kadhaa kurudi! Tuwaambie wakaguzi ukweli, mchuzi ubaki kwenye bwawa unakokusanyika."

"Nionekane mjinga?"

Jibu lilimfika fundi hadi kwenye meno, akalimeza. Alimpigia mkwewe, akaweka sauti kubwa, akamsukumia shemeji simu. "Haya, mwambie mwenyewe asichote."

"Mwanangu?" mama aliitika kwa furaha. "Ndiyo kwanza natoka mtoni kuchota. Maji mazuri siku hizi! Nawaambia majirani wachote bila wasiwasi, mwanangu ndiye anayeyasafisha."

Mkono mmoja wa meneja ulikuwa tayari umeshika koki. Akauondoa.

"Mama," alisema, "nimeharibu."