Kiti cha Kushoto

Kwa miaka kumi na minne Tamimu alikwenda Kiomboi akiwa nyuma ya basi. Si kwamba alikosa usafiri. Gari analo, Datsun la milango miwili na viti viwili, la mwaka sabini na mbili, rangi ya chungwa lililoiva, refu mbele na fupi nyuma kama kiatu. Ila mkewe, Zabibu, alikuwa ndani ya basi, na Tamimu hakuona sababu ya kufika kwa shemeji yake kabla ya mwenye dada. Basi likisimama Ulemo kushusha watu, naye anasimama. Likiondoka, naye huyo. Makondakta walimzoea mpaka wakawa wanampungia mkono.

Chanzo kilikuwa safari moja ya Ihanja. Zabibu alikuwa amekaa kiti cha kushoto na trei mbili za mayai mapajani, gari likaingia kwenye shimo dogo tu, la kawaida. Mayai yakapasuka. Lakini si mayai yaliyomshusha, ni nyonga. Chuma kiligonga chini ya kiti mara mbili, maumivu yakampanda mpaka begani. Alishuka, akakung'uta kanga yake, akasema kwa sauti ileile anayotumia kuulizia chumvi, "Baba Anifa, kitu hiki sisafiri nacho tena mpaka kiache kunigonga." Akasimamisha lori la vitunguu, akarudi nalo Singida mjini.

Tamimu hakubishana. Wakati ule alikuwa bado anaendesha malori ya watu, leo Mwanza, kesho Dodoma, na lile Datsun lilikuwa la sikukuu. Sasa amestaafu, ana miaka sitini na sita, na alichotaka kilikuwa kimoja: Zabibu akae tena kushoto kwake, waende Kiomboi kwa Mosi, dada yake, washuke kwenye gari moja mbele ya watu. Hakumwambia mtu. Zabibu alijua, maana mtu akilala na wewe miaka arobaini hana pa kufichia jambo kama hilo.

Mwezi wa sita alilipandisha gari juu ya magogo uani, akafungua miguu ya mbele, vile vyuma vinavyoshika magurudumu. Ndani hakukuwa na cha kushangaza. Shokapu zilikuwa zimevuja mafuta yote, ukizisukuma zinaingia kama pampu ya baiskeli isiyo na mpira. Bushi, zile pete za mpira zinazokaa kati ya chuma na chuma ili visigombane, zilikuwa zimekauka na kupasuka, nyingine zimebaki unga. Alizipanga kwenye sinia la zamani, akazipiga picha, akamtumia binti yao Anifa, aliyeko Dar es Salaam. Baada ya wiki mbili mzigo wa vipuri vipya ukaja kwa basi.

Kuzitoa za zamani na kuingiza mpya ilikuwa kazi ya siku nne. Jirani yao Laurian, fundi wa kuchomelea, alikuja na jiliwa lake kubwa la kubania vyuma.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Shika hapo."

Walizichoma bushi za zamani kwa moto mpaka mpira ukatoka, wakakata kikombe chake kwa msumeno wa chuma taratibu wasiukwaruze mguu wa gari, kisha wakazibana mpya kwenye jiliwa zikaingia. Zilipogoma, Zabibu alileta maji ya sabuni ya mche kwenye bakuli bila kuombwa, akaondoka bila kungoja asante. Laurian alimtazama akienda.

"Mama anakusaidia."

"Anataka nimalize, nimwondolee moshi uani."

"Mzee, hili gari ukiliuza kwa wenye kuyapenda, unajenga nyumba."

"Nyumba ninayo. Geuza spana."

Magurudumu yakiwa yananing'inia hewani, Tamimu alikaza nati zote. Alikaza kama dereva wa lori, kwa bomba refu kwenye mkono wa spana, mpaka chuma kikalia. Walipolishusha chini, gari lilisimama juu kuliko zamani. Laurian alisifu kwamba limerudi ujana. Tamimu akalizungusha mjini, kimya. Ule mlio wa ngo chini ya kiti haukusikika. Alirudi akaegesha mbele ya baraza ambapo Zabibu alikuwa anashona, maana yeye ni fundi cherehani, na wateja wake wengi ni madereva na makonda wa stendi.

"Limenyamaza," alisema Tamimu.

Zabibu aliliangalia juu ya miwani. "Limesimama kama mtu aliyebanwa na suruali."

"Ni jipya."

"Liendeshe mwezi kwanza."

Halikufika mwezi. Siku ya kumi na saba, akitoka sokoni, upande wa kushoto uligonga. Ngo. Kesho yake kulia. Alipolala chini na tochi aliona bushi mpya zimechanika pembeni, mpira umesokoteka kama kamba ya kisima. Hazijaisha kwa kuchakaa. Zimenyongwa.

Alikaa na jambo hilo siku tatu. Akalaumu mpira, kwamba ni wa bandia. Akalaumu barabara. Akampigia Anifa, Anifa akamwambia duka ni la kuaminika, na kwamba atatuma nyingine, lakini baba aangalie asije akawa yeye ndiye anayeziua. Tamimu alikata simu kwa upole. Jioni Zabibu alimngoja ale mpaka akanawa mikono.

"Baba Anifa, ulizikaza gari likiwa wapi?"

"Juu ya magogo. Nitazikaza wapi tena?"

"Miguu inaning'inia?"

"Inaning'inia."

Zabibu alivuta suruali ya kaki iliyokuwa kwenye kapu, akaikunjua mezani. "Hii ni ya dereva wa basi la Kiomboi. Suruali ya dereva naipima amekaa. Nikiipima amesimama, atasifu dukani kwangu, ataondoka anacheka. Akifika kwenye usukani akikaa, inamkata hapa." Akaweka kidole kwenye pindo la paja. "Mshono unafumuka ndani ya wiki. Mteja anasema uzi mbovu. Uzi mzima. Ni mimi niliyempimia kwenye kimo asichofanyia kazi."

Tamimu aliitazama ile suruali muda mrefu. Maisha yake yote alikuwa amefunga miguu ya malori, na kwenye malori yale ya zamani pini ilizunguka ndani ya grisi. Ukaze likiwa hewani, ukaze likiwa chini, pini haijali, inazunguka tu. Mpira hauzunguki. Mpira umeshikwa ndani na nje, unajisokota. Yeye aliushika mguu ukiwa umenyooka, kisha akaushusha chini na uzito wote, na kuanzia saa ile ulikuwa umesokotwa hata gari likiwa limelala. Kila shimo likazidi kuusokota. Kwa ukaidi wa miaka arobaini ya lori alikuwa amezinyonga bushi sita kwa mkono wake.

"Hilo hata Laurian hakulijua," alisema.

"Laurian hashoni."

Bushi nyingine zilipofika ulikuwa mwezi wa nane, wakati upepo wa Singida unaingia hata kwenye kinywa kilichofungwa. Tamimu alitundika mapazia mawili ya zamani kuzunguka gari ili mchanga usiingie kwenye grisi. Safari hii alifunga nati kwa vidole tu. Kisha akajenga vitanda vinne vya mbao nene, akalipandisha gari juu yake, likasimama kwa magurudumu yake yenyewe, na chini pakabaki nafasi ya mtu kulala. Ilibaki uzito. Alitaka likazwe likiwa limeketi kama linavyoketi safarini, na watu wake ndani.

Kiti cha dereva alikiwekea gunia la alizeti, akalipunguza kwa debe mpaka likalingana na yeye. Kisha akaenda barazani.

"Mama Anifa, una kilo ngapi?"

Mashine ilisimama. "Unataka kunichinja?"

"Nataka gunia la kushoto lilingane."

"Kliniki waliandika sitini."

"Mwaka gani?"

Mashine ikaanza tena. Tamimu alirudi, akapakia gunia la kilo sitini, akainama nyuma ya gari akaangalia. Kushoto kulikuwa juu kidogo kuliko anavyokumbuka. Akaongeza kopo moja la alizeti. Akaongeza la pili. Aliposhika la tatu alisikia sauti nyuma yake.

"Unajua nakuona."

Zabibu alikuwa amesimama kwenye pazia, kapu la kazi mkononi, mkanda wa kupimia shingoni. Aliliangalia gunia lililokaa kwenye kiti chake, limeegemea mlango kama mgeni aliyelewa.

"Litoe," alisema.

"Nini?"

"Hilo gunia. Litoe. Nilisema sisafiri nacho. Leo kinasafiri?"

"Leo hakiendi popote."

"Basi litoe, na uniletee kigoda cha kupandia. Na usiseme kitu."

Tamimu alilitoa gunia, akakung'uta kiti kwa shati lake, akaleta kigoda. Zabibu alipanda akishika mlango, akakaa taratibu, akasogeza nyonga mpaka ikakubali. Gari lilishuka kidogo upande wake, likatulia. Tamimu aliinama nyuma akaangalia tena. Kushoto na kulia sawasawa. Akaingia chini na spana zake.

Kwa muda zilisikika nati tu, na mkasi wa Zabibu juu yake ukikata uzi. Bushi sita, na kila moja ilitaka kupapaswa, kuangaliwa alama, ndipo ikazwe. Kazi ya saa mbili.

"Baba Anifa."

"Naam."

"Kitendawili."

"Tega."

"Ana jicho moja na haoni, lakini alikopita kote kuna njia."

"Sindano. Hiyo umewategea watoto wote wa mtaa huu." Spana ikazunguka. "Kitendawili."

"Tega."

"Nimelala chini ya nyumba ya watu, mwenye nyumba akijikuna, mimi namwagikiwa mchanga machoni."

"Ni wewe huyo," alisema Zabibu. "Pole. Nilikuwa natafuta uzi."

Aliuma uzi kwa meno. Tamimu aliusikia kwenye sakafu ya gari mguu wa mkewe ukitafuta mahali pa kukaa, ukapata.

"Kitendawili."

"Tega."

"Kazi yake ni kunyamaza. Siku akisema, tunamfukuza."

Tamimu alisimamisha spana. "Mkwe."

"Siye."

"Mlinzi."

"Mlinzi akinyamaza si ndiyo umeibiwa? Siye."

"Mtoto wakati wa hotuba."

"Umekwama. Nipe mji."

"Nakupa Dodoma."

"Dodoma kuna nini? Joto. Siutaki."

"Nakupa Tabora."

"Tabora hata asali siku hizi wanachakachua. Siutaki."

"Nakupa Dar es Salaam, ukakae kwa Anifa."

"Anifa mwenyewe hakai kwake, anakaa kazini. Mji, Baba Anifa."

Alikuwa amelala chali, pua ikiwa kiganja kimoja kutoka kwenye chuma, na juu ya chuma hicho ndipo alipokaa mkewe. Aliipangusa spana kwa kidole ingawa ilikuwa safi.

"Nakupa Kiomboi," alisema.

Pazia lilipulizwa likagonga ubavu wa gari, likarudi. Tamimu alihesabu nati zilizobaki: mbili.

"Kiomboi nimeupokea," alisema Zabibu. "Nilikwenda Kiomboi, nikamkuta dada yangu Mosi anaanika mtama, nikala ugali na mlenda, nikalala siku tatu, nikarudi."

"Ulikwenda na nini?"

"Jibu la kitendawili ni bushi. Umeishika mkononi na huijui." Mkasi ulisikika. "Kaza hizo mbili, mguu wangu unakufa ganzi."

Alizikaza. Hakuvuta kwa bomba. Alivuta kwa mkono mmoja, kwa kadiri. Kisha akatoka chini, akasimamisha kigoda, na Zabibu akashuka na suruali nne zilizokunjwa pindo.

Tamimu aliliendesha gari peke yake mwezi mzima. Alipita makusudi kwenye matuta na kwenye njia ya mawe ya nyuma ya soko. Alilala chini kila Ijumaa na tochi. Mpira ulikuwa umekaa kama ulivyowekwa. Hakwenda kumwambia Zabibu, na Zabibu hakuuliza. Ila kila aliporudi mashine ilipunguza mwendo hadi gari lizime, kisha ikaendelea.

Mwezi wa kumi mwanzoni, siku ya safari ya Kiomboi, Tamimu aliamka mapema, akafuta vioo, akaliegesha gari mbele ya nyumba likielekea stendi kama kila mwaka, kwa sababu hakutaka kumlazimisha mtu. Zabibu alitoka na begi na kapu la vitunguu. Aliangalia upande wa stendi. Aliangalia gari. Akamwendea Tamimu akamkabidhi kapu, akazunguka mwenyewe upande wa kushoto, akafungua mlango, akakaa.

Laurian, aliyekuwa anafungua karakana yake, alisimama na kufuli mkononi. "Safari njema, mama."

"Asante, baba. Niangalizie kuku wangu."

Walipita matuta ya mjini. Walitoka mjini wakapita mashamba yaliyovunwa, ardhi tupu na miamba imekaa katikati yake. Tamimu alishika usukani kwa mikono miwili kama mtu anayefanya mtihani wa leseni. Kwenye kila kiraka cha lami alitega sikio. Zabibu alitazama mbele, begi mapajani, mpaka wakakaribia Ulemo.

"Baba Anifa."

Mguu wa Tamimu ulitoka kwenye mafuta wenyewe. "Naam. Nyonga?"

"Nyonga haina neno. Hiki kioo cha upande wangu, mbona kinatetemeka?"

Alisikiliza. Kweli, kioo kilikuwa kinatetemeka ndani ya mlango, mlio mdogo, mkavu. Huenda kilitetemeka miaka yote hiyo na ngo za chini zikakifunika.

"Ni mpira wake, umekauka," alisema. "Tukirudi nitaubadilisha."

"Ubadilishe kabla mwezi haujaisha. Nina safari ya Mkalama."

"Mkalama njia ni mbaya."

"Ndiyo maana nasema kioo." Alishika kioo kwa kiganja, kikanyamaza. "Sasa ongeza mwendo kidogo. Basi limetupita, na Mosi ana tabia ya kumaliza chakula."

Tamimu aliongeza mwendo.