Abee kwa Mtoto Asiyeita

Dari aliletwa kwangu nimlee Jumatatu asubuhi, ana miaka mitatu na nusu, amevaa gauni lililomzidi mabega. Jina lake la kwenye makaratasi silitaji. Hilo la Dari nilimpa mimi, kwa sababu nilipomlaza mkekani, kando ya meza ya kukatia, alitazama dari mpaka jioni, ametulia tuli. Kwenye kituo alikotoka watoto walikuwa arobaini na walezi watatu. Miaka yake ya kwanza aliimaliza kitandani, chupa ya maziwa imeegemezwa kwenye mto, hakuna wa kumpakata.

Mimi ni fundi wa mapazia. Chumba changu kimejaa vitambaa vilivyotundikwa kutoka ukuta huu hadi ule, na upepo ukiingia vyote huvuta pumzi pamoja. Jua likipita kwenye kile cha kijani, chumba kizima huwa chini ya maji, na mtu akitembea humo anaelea. Nilidhani mtoto amependa utulivu huo. Kumbe mimi ndiye niliyekuwa nimelala.

Wiki nzima nilijisifu kwa jirani yangu msusi. "Nimepata malaika! Halii njaa, halii usingizi. Sindano imemchoma, akakitazama tu kidole."

Afisa ustawi wa jamii alipokuja kutukagua, nikamsomea sifa zile zile, kifua mbele. Kalamu yake ikasimama.

"Halii kabisa?"

"Kabisa. Hana usumbufu."

"Mama, mtoto hulia ili mtu aje," alisema taratibu. "Huyu alilia zamani, hakuja mtu, akaacha. Na akili ya mtoto hukua kwa huko kuita na kuitikiwa. Kwake sehemu hiyo imekaa na njaa."

Hasira zangu ziko karibu, kila mtu mtaani anajua. Nilitaka kumfukuza na mkoba wake. Kisha nikaona kwamba niliyemkasirikia ni mimi mwenyewe. Akaniambia atarudi kumpima baada ya miezi sita, ofisini kwake, kwa vibao vya kupanga na picha. Asipopiga hatua yoyote, atapelekwa kituo kingine, mbali, cha watoto ambao hakuna tena anayetegemea wajifunze. Nilikijua kituo hicho. Mapazia yake niliyashona mimi. Vitanda vimepangwa mistari, na dari ni nyeupe, haina hata doa.

Alipoondoka niliweka mkasi chini nikajilaza mkekani, na unene wangu wote, kando ya mtoto. Nikaona alichokuwa akikiona: doa la maji ya mvua, rangi ya chai, lenye shingo na mkia. Vivuli vya vitambaa vililipitia, likawa linaogelea. Tulilitazama muda mrefu.

"Abee," nikamwambia. Hakuwa ameniita.

Tangu siku ile nikawa namwitikia. Akigeuza shingo, abee. Akikunja kidole, abee. Naiacha cherehani katikati ya pindo, nakwenda, nambeba, narudi. Mapazia ya watu yakachelewa, nikasemwa. Msusi alicheka mpaka akashika ukuta.

"Jirani, abee ni ya mtoto kwa mkubwa! Tena huyo hata hajakuita."

"Ataniita. Na siku akiniita, asikute sipo."

Miezi ilipita. Dari akaanza kunifuata kwa macho kati ya vitambaa. Alijifunza kutenga pete za mapazia, za shaba huku, nyeupe kule. Kesho yake alikuwa amesahau zote, tukaanza upya. Sitadanganya, mengi yalimwagika. Na machozi hayakutoka hata tone.

Siku ya kipimo nilimvika gauni la manjano la mabaki ya pazia. Afisa alimshika mkono.

"Mama, wewe kaa nje. Ukiingia au ukimsaidia, kipimo kinaharibika."

Nikakaa kwenye benchi la korido. Mlango ulikuwa na kioo cha ukungu, nikaona rangi ya manjano tu, imekaa mbele ya meza, haisogei. Nikasikia vibao vikianguka. "Jaribu tena." Vikaanguka tena. Niliogopa. Nilimpenda mtoto yule, na nilijua kwamba sasa hivi humo ndani wanamwandikia dari nyeupe.

Kisha ikaja sauti ya kukwaruza, kama ya mlango usiofunguliwa miaka. Ikapanda. Watu kwenye korido wakageuka. Dari alikuwa analia.

Nilisahau kipimo. Nilisimama nikapaza sauti, korido nzima ikasikia: "Abee!"

Kilio kikakatika. Alikuwa anasikiliza. Kisha kikarudi, kikubwa kuliko cha kwanza, kimeelekezwa mlangoni, kinanitaka mimi na si mwingine.

Nikashika kitasa, lakini afisa alikuwa ameshafungua. "Ingia haraka," alisema. "Usimwache angoje."

Alinirukia shingoni, kamasi zote begani kwangu, nami nikalia kumshinda. Afisa alingoja tumalize.

"Vibao ameshindwa, isipokuwa viwili," alisema. "Yuko nyuma sana ya wenzake, na yako mambo huenda asiyafikie maisha yake yote. Lakini amelia, amesikia sauti yako, akalia zaidi. Hiyo ni hatua. Nimeandika abaki kwako."

Siku hizi Dari analilia kijiko, analilia kiatu, analilia nzi aliyetua mahali asipopataka. Msusi ananuna kwamba wateja wake wanasikia kelele. Doa la dari limebaki peke yake. Nami kila mara naacha pindo lilipofika, nasema abee, nakwenda.