Sekunde Tatu za Marahaba

Simu ile ilikuwa ya dakika kumi na moja, na Shamsia alijua kabla hajaisikiliza kwamba ina balaa. Watu waliopiga laini ya afya hawakuwa na kawaida ya kuvuka dakika moja. Ilikuwa Jumatatu asubuhi, chai yake haijapoa. Akavaa hedifoni.

Kwanza aliisikia sauti yake mwenyewe iliyorekodiwa, ya upole, ya binti aliyelelewa vizuri: "Shikamoo, mama." Kikafuata kimya cha sekunde tatu. Ndani ya kimya hicho mwanamke mzee akaitikia, "Marahaba, mwanangu. Habari za huko?" Akangoja. Alipokosa jibu, akaendelea kwa upole. "Haya. Sisi tupo, ila tuna mgonjwa."

Sauti ya Shamsia ikamwambia kwamba kama ni dharura abonyeze tatu. "Ndiyo, mwanangu, ni dharura," mzee akasema, wala hakubonyeza kitu. Akaeleza. Mkwe wake, Modesta, mimba ya miezi minane, damu tangu asubuhi, kanga ya pili imelowa. Nyumba yao ni ile inayofuata mashine ya kusaga. Akarudia jina la kijiji mara nne, akaeleza njia ya kupita na ya kukwepa, maana aliona anasikilizwa bila kukatizwa. Aliponyamaza, sauti ikarudi: "Asante, mama. Nimekusikia. Usiwe na wasiwasi."

Simu hiyo ilipigwa Jumamosi saa nane mchana. Asiyebonyeza, maneno yake hubaki ujumbe, na muuguzi wa kusikiliza ujumbe, yaani yeye Shamsia, huingia kazini Jumatatu.

Shamsia aliipiga ile namba. Alipokea mwanamume, akasema walizika jana, mama na mtoto kaburi moja.

Zile sekunde tatu zilikuwa fahari yake. Sauti ya kwanza ya mtambo ilikuwa kavu, ikianza na maagizo kama karani aliyeudhiwa, na watu wa kanda hii waliikata kabla haijamaliza sentensi. Shamsia ndiye aliyewaambia wakubwa kwamba huku hakuna anayemweleza shida yake mtu asiyemsalimu. Yeye ni mtoto wa fundi cherehani wa Mabatini, hapa Mwanza, aliyefunzwa kusalimu kabla hata ya kuomba maji. Wakamwachia arekodi. Wakaijaribu kwa wanachuo wa Butimba, vijana wenye vidole vyepesi, simu zikiwa mezani kwa sauti ya juu, na wote wakabonyeza tatu kufumba na kufumbua. Hakuna aliyekumbuka kwamba bibi huibana simu sikioni, na kwamba kuiondoa wakati mtu anakusemesha ni sawa na kumpa kisogo. Hilo "usiwe na wasiwasi" alilitia mwenyewe, kwa huruma tu. Wema usizidi uwezo, walisema wahenga, na wa kwake ulikuwa umezidi.

"Tuizime sauti hii," alimwambia Abubakary, msimamizi wa mradi.

Abubakary hakuwa mtu mbaya. Alifunga mlango kwanza, akakaa, akashusha pumzi.

"Wafadhili wetu wanakuja Alhamisi, Shamsia. Tunaingia vijiji arobaini vipya. Nenda kahani, uwape pole. Wakiuliza, sema mtandao ulisumbua."

"Mtandao haukusumbua."

"Mtandao husumbua kila siku. Nani atabisha?"

Naye Shamsia, kwa aibu atakayokufa nayo, akaitikia kwa kichwa.

Kesho yake akavuka daraja la Kigongo, akashuka njia panda upande wa pili na kuchukua pikipiki. Dereva, kijana mkimya aitwaye Luhende, alipoambiwa ni wapi alipunguza mwendo.

"Ndugu yao?"

"Hapana. Natoka kwenye laini ya afya."

Wakapita mashamba mawili ya mihogo.

"Mimi nilifika pale Jumamosi, dada. Saa nane na nusu. Nilishafunga na godoro nyuma ili alalie. Bibi akanirudisha. Akasema wa mjini wameshasikia, gari liko njiani, pikipiki itamtikisa mgonjwa bure." Akatema mate kando ya njia. "Nikaondoka. Ningejuaje?"

Msibani wanawake walikuwa wamekaa chini kwenye mikeka. Wamegawanyika pande mbili, na Shamsia aliliona hilo kabla hajavua viatu. Upande mmoja alikuwa Selina, mama mzazi wa Modesta, amezungukwa na dada zake. Upande wa pili bibi kizee, Bi Kashindye, mama mkwe wa marehemu, peke yake, kama mtu mwenye ugonjwa wa kuambukiza.

"Shikamoo, bibi," Shamsia akasema.

Bi Kashindye aliinua kichwa haraka. Uso ukamfunguka.

"Marahaba, mwanangu! Ni wewe. Si niliwaambia? Huyu ndiye niliyeongea naye." Akamshika mkono, akamkalisha, akawageukia wenzake. "Wanasema niliongea na simu iliyokufa. Wanasema nimeua mtoto wao kwa uzee wangu. Waambie, mwanangu. Gari lilikwama wapi?"

Selina hakumtazama bibi. "Mama yake Luhende, jirani wa hapa, alisikia kwa masikio yake," alisema taratibu. "Pikipiki imewashwa mlangoni, mwanangu anavuja damu, mtu anasema ondoa. Msiba wa kujitakia hauna kilio."

Neno "mtandao" lilikuwa limekaa mdomoni mwa Shamsia tangu Mwanza. Angelitamka, angepanda pikipiki na kurudi zake, na bibi huyu angebaki mwongo mpaka siku ya kufa kwake. Akaona woga, kisha akaona haya ya kuuona.

"Bibi hakukosea," akasema. "Simu ilikuwa nzima. Ilimsalimu, ikamwambia asiwe na wasiwasi. Lakini gari halikutumwa. Hakukuwa na mtu."

"Si ulikuwa wewe?" bibi akauliza.

"Ni sauti yangu. Niliyasema maneno hayo mwezi wa tatu, chumbani, nikiwa peke yangu, yakahifadhiwa. Ukipiga, mashine inayatoa. Wewe ulipoongea, mimi nilikuwa nyumbani nafua."

Hakuna aliyelia. Mkono wa bibi ulibaki juu ya mkono wake kwa muda, kisha ukaondoka. Alikuwa amepata shahidi na kumpoteza kwa pumzi moja, kwani sasa kulikuwa na Luhende na godoro lake, na neno "rudi" alilolitamka bibi mwenyewe, si mashine. Selina alifunika uso kwa kanga.

Bi Kashindye ndiye aliyezungumza tena, kwa sauti ndogo.

"Hiyo sauti iko wapi sasa?"

"Bado ipo, bibi."

"Watu wakipiga inawaitikia?"

"Inawaitikia."

"Hata hivi tunavyoongea?"

"Ndiyo."

Bibi alimtazama kwa mshangao wa kweli, kama anavyotazamwa mtoto aliyeacha moto unawaka ndani akaja kucheza.

"Sasa mbona umekaa?"

Shamsia akainuka bila kuaga, akatoka akiwa na kiatu kimoja mkononi. Luhende alikuwa bado pale, kwenye kivuli cha nyumba. Kufika Mwanza kwenda kuizima ni mwendo wa saa mbili, ukipata gari upesi.